Sarafu za dola moja za Marekani zenye kasoro: nitatambuaje iliyo na thamani ya kweli?

Mwana wa Kisauni anauliza:

Wakubwa zangu shikamooni, na rika zangu nawasalimu. Mjomba wangu, aliyefanya kazi New Jersey kwa miaka mingi, amerejea Mombasa akiwa na mkebe wa sarafu za dola moja moja za Marekani. Anasema nyingi zilikuwa chenji aliyorudishiwa na mashine za tiketi za treni, akawa anaziweka kando kwa sababu watu madukani hawakuzizoea. Sasa amenikabidhi nizishughulikie. Maduka ya kubadilisha fedha hapa mjini hupokea noti tu, kwa hiyo hata ile thamani yake ya dola moja siwezi kuipata. Hata hivyo nimesoma kwamba baadhi ya sarafu hizi zilitoka kiwandani na kasoro, na kwamba wakusanyaji huzinunua kwa bei ya juu.

Nimezitandaza mezani na kuzigawa. Kuna kubwa nzito zenye sura ya Eisenhower, zilizoandikwa 1776-1976. Kuna ndogo nyeupe zenye sura ya Susan B. Anthony, za mwaka 1979. Nyingi zaidi ni za rangi ya dhahabu: za Sacagawea, yule mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, za mwaka 2000, na nyingine za marais. Katika hizo za marais, moja ya George Washington ina ubavu (ule unene wake wa pembeni) mtupu kabisa, wala sioni mwaka mahali popote. Moja ya John Adams ina maandishi ubavuni ambayo ni kama yameandikwa mara mbili. Ya James Monroe ina maandishi yaliyopinduka ukiilaza sura ikiwa juu. Za Sacagawea zote hazina maandishi ubavuni, na moja imekuwa karibu nyeusi. Jambo jingine lililonishangaza ni kwamba sarafu hizi zote, nikizizungusha kama ninavyozungusha shilingi yetu, upande wa pili unatokea kichwa chini.

Mtandaoni nimekutana na video zinazodai kwamba kila moja ya sarafu za namna hii ni utajiri. Siziamini, lakini pia sitaki kuiuza kwa bei ya karanga sarafu ambayo mjomba angefaidika nayo uzeeni. Naomba mnieleze nianzie wapi kuzichunguza, na bei ya haki hujulikanaje.

Mzee wa Upanga anajibu:

Kijana wangu, marahaba. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kuzisafisha, na nakuomba usizioshe, usizisugue, wala usizipake kitu chochote. Sarafu iliyosuguliwa hupoteza thamani yake mbele ya mkusanyaji, hata kama ilikuwa na kasoro adimu.

Ukitaka kuitambua kasoro ya kweli, elewa kwanza namna sarafu inavyotengenezwa. Kisahani kitupu cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, kikapigwa kwa nguvu kubwa mara moja, pande zote mbili zikapata chapa kwa pamoja. Kasoro ya kiwandani ni ile inayoweza kuelezwa kwa hatua hizo: muhuri ulikuwa na dosari, au kisahani kilikuwa si chake, au hatua fulani ilirukwa au ikarudiwa. Alama ambayo huwezi kuitafutia mahali katika safari hiyo, kwa kawaida, imepatikana baada ya sarafu kutoka kiwandani, nayo tunaiita uharibifu tu.

Sasa nitazame sarafu zako, nianzie kwenye ubavu, kwa sababu kwa dola za kisasa ubavu ndio wenye habari nyingi. Kila familia ina ubavu wake. Dola za Eisenhower, zilizotengenezwa 1971 hadi 1978, na za Susan B. Anthony, za 1979 hadi 1981 na tena 1999, zina mikwaruzo midogo iliyosimama kuzunguka ubavu wote. Dola za Sacagawea za 2000 hadi 2008 zina ubavu laini, na ndivyo zilivyokusudiwa. Kwa hiyo ulaini wa sarafu zako za mwaka 2000 si kasoro, japokuwa wapo watu wanaoziuza kwa jina hilo kwa wanunuzi wasiojua. Ni kuanzia 2009, muundo wa upande wa nyuma ulipoanza kubadilishwa kila mwaka kwa heshima ya Wamarekani wa asili, ndipo mwaka na alama ya kiwanda vilipohamishiwa ubavuni kwenye dola za Sacagawea.

Dola za marais zilianza kutolewa tarehe 15 Februari 2007, ya kwanza ikiwa hiyo ya Washington, na tangu mwanzo zilikuwa na maandishi yaliyozama ubavuni: mwaka, herufi ya kiwanda, yale maneno ya Kilatini E PLURIBUS UNUM, na IN GOD WE TRUST (twamtumaini Mungu). Hayo maneno ya mwisho yalihamishiwa upande wa sura mwaka 2009. La msingi ni kwamba katika sarafu za mzunguko wa kawaida maandishi haya hayapigwi pamoja na sura. Sarafu hupigwa chapa kwanza, kisha hupelekwa kwenye mashine nyingine inayoziviringisha na kuziandika ubavuni. Mashine hiyo haijali sura imetazama wapi, kwa hiyo takriban nusu ya sarafu huwa na maandishi yaliyosimama na nusu nyingine yaliyopinduka. Dola yako ya Monroe ni ya kawaida kabisa.

Lakini hatua hiyo ya pili ndiyo iliyozaa kasoro mashuhuri kuliko zote za dola hizi. Mwaka 2007 shehena za sarafu za Washington zilitoka kwenye mashinikizo ya chapa zikaenda moja kwa moja kuhesabiwa na kufungwa bila kupita kwenye mashine ya ubavu. Zilipofika kwenye mabenki, hasa huko Florida, watu wakakuta dola zisizo na mwaka, zisizo na herufi ya kiwanda, na zisizo na jina la Mungu, jambo ambalo magazeti ya Marekani yalilivalia njuga. Inakadiriwa kuwa zilizotoka hivyo hazipungui 50,000. Dola ya mjomba wako yaweza kuwa mojawapo. Kwa Adams, ambayo ilitolewa Mei mwaka huohuo, tatizo lilikuwa kinyume chake: baadhi zilipitishwa kwenye mashine mara mbili. Zikipita zikiwa zimelala vilevile, maandishi mawili yanafuatana kuelekea upande mmoja na kuingiliana. Zikipita zikiwa zimepinduka, mstari mmoja unasomeka huku mwingine ukiwa kichwa chini.

Usifurahi bado. Ubavu mtupu ni kasoro rahisi kughushi, kwa sababu mtu mwenye tupa au mashine ya kunolea anaweza kuyaondoa maandishi. Hapo ndipo vipimo vinapokusaidia. Dola zote za rangi ya dhahabu zina kipenyo cha milimita 26.5 na uzito wa gramu 8.1. Iliyopigwa tupa hupungua kipenyo, na mara nyingi uzito pia, na ukiitazama kwa kioo cha kukuzia utaona michirizi ya tupa ikikimbia upande mmoja, au pembe kati ya ubavu na ukingo (ule mzunguko ulioinuka pembezoni mwa sura) zimekuwa kali kupita kiasi. Sarafu halisi isiyoandikwa ina ubavu unaong'aa sawasawa pande zote, na kingo zake hazijaliwa.

Kuhusu upande wa pili kutokea kichwa chini, ondoa wasiwasi. Sarafu za Kenya na za Tanzania zinafuata desturi ya Kiingereza, ambapo ukiishika kwa juu na chini ukaizungusha, pande zote mbili zimesimama. Marekani hupanga pande zake kinyume. Kwa dola, kasoro ingekuwa pale upande wa pili unapotokea umelala ubavu, au umesimama sawa na upande wa sura. Hapo muhuri ulikuwa umezunguka mahali pake, nayo hiyo ina wanunuzi.

Tafuta mizani ya sonara na kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, kisha uturudie na vipimo.

Nuru wa Columbus anajibu:

Mzee wa Upanga ameeleza vizuri, nami nitaongeza machache kuhusu Sacagawea, kwa sababu hizo ndizo ninazozitafuta hapa Ohio. Huwa nanunua benki vifurushi vya sarafu 25 kwa bei yake ya kawaida, nachambua, kisha zisizo na kitu nazirudisha.

Kwanza, rangi. Hakuna hata chembe ya dhahabu ndani yake. Kiini ni shaba tupu, na tabaka za nje ni shaba iliyochanganywa na zinki, manganizi na nikeli. Mchanganyiko huo ulichaguliwa ili mashine za kuuzia bidhaa ziitambue sarafu mpya kama zilivyoitambua dola ya Susan B. Anthony, kwa sababu ilibidi ziwe na ukubwa, uzito na tabia ya umeme inayofanana. Manganizi hubadilika rangi haraka ikiguswa na jasho na hewa yenye unyevunyevu. Hiyo iliyokuwa nyeusi imechakaa tu, na kwa hali ya hewa ya Mombasa zitafuata nyingine usipozihifadhi.

Pili, zilitengenezwa kwa wingi mno. Kiwanda cha Philadelphia peke yake kilitoa 767,140,000 mwaka 2000, na cha Denver 518,916,000. Sacagawea ya kawaida ya mwaka huo, iliyopita mikononi mwa watu, ni dola moja na itabaki dola moja. Lakini katika bahari hiyo kuna aina mbili ambazo inafaa kuzitafuta, zote zikiwa na herufi P, nayo herufi hiyo iko upande wa sura, chini ya mwaka.

Ya kwanza ilifungwa ndani ya masanduku ya nafaka ya Cheerios mwanzoni mwa 2000, kabla dola hiyo haijaanza kutolewa kwa umma. Sarafu zilizowekwa humo zilikuwa 5,500 tu. Kwa miaka mitano hakuna aliyeona tofauti, hadi 2005 wakusanyaji walipogundua kwamba zilipigwa kwa muhuri wa awali, ambao manyoya ya mkia wa tai yalichongwa kwa undani zaidi. Chukua kioo kinachokuza mara kumi, elekeza kwenye unyoya wa katikati wa mkia. Katika sarafu ya Cheerios uti wa unyoya umeinuka, na vijistari vya pembeni vinaonekana vikali. Katika ile ya kawaida uti huo umezama na manyoya ni laini zaidi. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo weka sarafu mbili kando kando uzilinganishe. Hizi huuzwa kwa maelfu ya dola, na ndiyo maana kila mwenye Sacagawea ya 2000 hudai kuwa anayo.

Ya pili tunaiita tai aliyejeruhiwa. Muhuri wake ulikwaruzwa, na kila sarafu iliyopigwa nao ikapata mistari inayokatiza tumbo la tai. Hapa zingatia kanuni ambayo itakufaa kwa sarafu yoyote duniani: mkwaruzo uliokuwa kwenye muhuri hutokea kwenye sarafu ukiwa umeinuka, kwa sababu madini hujaa ndani ya ufa; mkwaruzo uliopatikana mfukoni hutokea umezama. Pitisha mwanga wa kurunzi kutoka pembeni utaona mstari umeinuka au umezama.

Ipo pia ile ambayo sidhani utaikuta, lakini kila anayefungua kifurushi huitafuta: sarafu nyumbu ya 2000. Muhuri wa sura ya George Washington wa robo dola ulifungwa pamoja na muhuri wa nyuma wa Sacagawea, zikatoka dola za rangi ya dhahabu zenye kichwa cha Washington mbele na tai anayeruka nyuma. Hazina mwaka, kwa sababu robo dola za majimbo za wakati huo ziliandikwa mwaka upande wa nyuma na dola iliandikwa upande wa sura. Na zina thamani mbili zinazopingana, QUARTER DOLLAR mbele na ONE DOLLAR nyuma. Ya kwanza iligunduliwa Mountain Home, Arkansas, mwaka 2000, na zinazojulikana leo ni takriban 20. Zimewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 100,000. Ukiona mtu anakuuzia moja, itafute mshono ndani ya ukingo, kwa kuwa mafundi huchonga sarafu mbili na kuzipachika moja ndani ya nyingine. Uzito wa hiyo ya kughushi kwa kawaida hautakuwa gramu 8.1, na ukiiangusha mezani haitoi mlio wa kengele.

Mwana wa Kisauni anaongeza:

Nawashukuru sana. Nimekwenda kwa sonara wa karibu nasi, akanikubalia kutumia mizani yake, na kalipa nimeazima kwa fundi.

Dola ya Washington ina gramu 8.1 na milimita 26.5 kila upande nilioupima. Ubavu unang'aa, sikuona michirizi. Ya Adams ina uzito huohuo, na sasa naona bayana kwamba ina mistari miwili: ukisoma 2007 P na maneno ya Kilatini yakiwa yamesimama, herufi za mstari wa pili zinapita katikati yake zikiwa zimepinduka. Sacagawea mojawapo ina mstari tumboni mwa tai, nikafurahi, lakini kwa kurunzi nikaona umezama. Manyoya ya mikia yote ni laini. Eisenhower zote zina gramu 22.6 au 22.7. Katika Susan B. Anthony, moja mwaka wake umekaribia sana ukingo kuliko nyingine.

Naomba mwongozo wa bei. Kuna mtu mtandaoni ameitangaza Washington kama yangu kwa maelfu ya dola.

Mpima Haki anajibu:

Ndugu yangu, tangazo ni matakwa ya muuzaji. Bei ya sarafu ni ile ambayo mnunuzi ameshailipa, na kwa bahati nzuri katika fani hii kumbukumbu hizo ziko wazi. Nyumba kubwa za minada kama Heritage Auctions na Stack's Bowers zinaweka matokeo ya minada iliyopita kwenye tovuti zao. Tovuti za minada ya jumla nazo zina sehemu ya kuchuja zile zilizokwisha kuuzwa tu. Chuja hivyo, kisha tazama zilizouzwa karibuni, si miaka kumi iliyopita.

Historia ya dola ya Washington isiyo na maandishi inaonyesha kwa nini tarehe ya mauzo ina uzito. Habari zilipozuka Februari na Machi 2007, watu walidhani ni chache, na baadhi zikauzwa kwa mamia ya dola. Kisha watu wengine wakafungua vifurushi vyao, idadi ikapanda hadi makumi ya maelfu, na bei ikashuka hadi makumi ya dola. Imebaki huko. Ya kwako, ikithibitishwa, itakuwa katika kundi hilo, na ikiwa safi sana itapanda kidogo. Ya Adams yenye maandishi mawili, mmoja umepinduka, ni adimu kuliko hiyo ya Washington na kwa kawaida huipita kwa bei, ingawa na yenyewe ni ya makumi hadi mamia machache ya dola kulingana na hali yake. Usitegemee zaidi ya hapo.

Hali ya sarafu hupimwa kwa daraja kutoka 1 hadi 70. Ambazo hazijawahi kutumika huanzia 60. Kampuni kama PCGS, NGC na ANACS huichunguza sarafu, huipa daraja, na kuifunga ndani ya kasha la plastiki lenye namba ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki. Dola hizi zilimwagwa kwenye mifuko mikubwa zikagongana, kwa hiyo hata ile isiyowahi kushikwa na mtu mara nyingi ina alama shavuni mwa rais. Pengo la bei kati ya 65 na 68 linaweza kuwa kubwa kuliko pengo kati ya sarafu yenye kasoro na isiyo na kasoro. Zako zilipita kwenye mashine za tiketi na mifuko ya koti, kwa hiyo madaraja ya juu kabisa yasiingie kwenye hesabu yako.

Sasa piga hesabu kabla ya kutuma. Uchunguzi wa kampuni hizo, hasa wa sarafu zenye kasoro, hugharimu makumi ya dola kwa kila moja, na hapo hujaongeza usafirishaji wa kwenda na kurudi kutoka Mombasa wala bima. Kwa Washington, gharama itameza faida yote. Kwa Adams, huenda ikafaa ikiwa kuna jamaa yenu aliyebaki New Jersey ambaye anaweza kuituma kutoka kulekule. Vinginevyo ningeiuza bila kasha, kwa picha nzuri na maelezo ya kweli, nikikubali bei ya chini kidogo.

Hizo nyingine nitazipitia kwa haraka. Eisenhower za 1776-1976 ni za kawaida sana. Gramu 22.68 ndio uzito wa zile za shaba na nikeli, na ukizitazama ubavuni utaona mstari mwekundu wa shaba katikati. Zenye fedha asilimia 40, zilizotengenezwa San Francisco kwa wakusanyaji, zina gramu 24.59 na herufi S. Mizani yako imekuokoa usumbufu, maana zingekuwa na gramu 24 na ushei tungezungumza mengine: zipo dola chache za Denver za 1974 na 1977 ambazo zilipigwa kwa bahati mbaya kwenye visahani vya fedha, na kila mwenye Eisenhower yenye herufi D ya miaka hiyo anapaswa kuipima. Ukipata nyingine ya mwaka 1972 isiyo na herufi ya kiwanda, itazame dunia iliyochorwa juu ya tai upande wa nyuma, kwa kuwa mwaka huo Philadelphia ilitumia mihuri ya aina tatu, na ile ya pili ndiyo adimu: dunia ni ya mviringo kamili, na chini ya Florida hakuna visiwa vinavyoonekana bayana.

Susan B. Anthony yako ambayo mwaka umekaribia ukingo, ikiwa ina herufi P, ni ile aina ya ukingo mpana ya 1979. Ukingo ulipanuliwa ukazisogelea tarakimu za mwaka. Ni aina halali inayotafutwa, na huuzwa kwa bei ya kiasi juu ya dola moja, zaidi kama haijatumika. Itenge.

Mkaazi wa Goma anachangia:

Naongeza neno moja kuhusu zile zilizobaki bila thamani ya ukusanyaji. Huku kwetu dola ya Marekani inatumika kila siku sokoni, lakini ni noti peke yake, na hata noti iliyochanika kidogo hukataliwa. Sarafu hakuna anayeipokea. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba utazipeleka Kongo zikapokewa kama fedha. Nchi ambayo dola za Sacagawea zimezoeleka kweli mikononi mwa watu ni Ecuador, iliyoanza kutumia dola ya Marekani mwaka 2000. Kwenu njia rahisi ni kumpa msafiri anayekwenda Marekani, azitumie huko kwa thamani yake kamili, kwa kuwa bado ni fedha halali ingawa tangu 2012 dola mpya hutengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji tu.

Mzee wa Upanga anajibu tena:

Nimesoma vipimo vyako na nimeridhika navyo. Washington hiyo naiamini, Adams naiamini zaidi, kwa sababu ni vigumu mno kwa mtu wa mtaani kuchapa mstari wa pili kwa herufi zenye umbo lilelile na kina kilekile. Hata hivyo iangalie tena kwa kioo: herufi za mistari yote miwili ziwe za ukubwa mmoja, zimezama kwa kina kinacholingana, na pale zinapokatana usione madini yaliyosukumwa yakafanya tuta. Mtu anayechonga kwa mkono huacha tuta.

Kuna jambo ambalo Mpima Haki hakuligusa, nalo linahusu Washington. Kwa kuwa mwaka na herufi ya kiwanda vilikuwa viwe ubavuni, sarafu isiyoandikwa haina kitu cha kuonyesha kama ilipigwa Philadelphia au Denver. Yapo matangazo yanayosema ni ya Denver na kwa hiyo ni adimu zaidi, na muuzaji hana njia ya kulithibitisha hilo kwa kuitazama. Wewe unapoiuza, andika tu kwamba ni ya Washington, haina maandishi ubavuni, ina gramu 8.1 na milimita 26.5. Mnunuzi anayejua atakuheshimu kwa hayo.

Kwa kuhifadhi, tafuta vijikasha vya plastiki ngumu vya kutosha sarafu moja moja. Ile mifuko laini inayonuka plastiki huacha utelezi wa kijani baada ya muda. Zishike ubavuni kwa ncha za vidole, isipokuwa hizo mbili, Washington na Adams, ambazo ubavu ndio mali yenyewe: hizo zishike kwa glavu za pamba, kwenye kingo, bila kugusa maandishi. Ziweke mbali na jiko na mbali na dirisha la upande wa bahari, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Kuhusu picha, upande wa sura na wa nyuma upigwe mara moja moja. Ya Adams izungushe ubavu wake mbele ya kamera kidogo kidogo, mwanga ukitoka pembeni, upate picha za kutosha kuonyesha mistari yote miwili kuanzia 2007 P hadi inaporudi pale pale, na uzito wa sonara uandikwe chini ya kila picha.